Mama Haichuji na Maji ya Majivu

Ukipita karakana ya baiskeli, kabla hujafika kwenye ukuta wenye ufa mrefu, utalazimika kuinamisha kichwa. Kamba zimefungwa kutoka nguzo hii hadi ile, na juu yake kumeanikwa vitambaa vya kila rangi, vingine bado vinadondosha maji, vingine vimekauka na vinapigana na upepo. Mgeni hukasirika, maana hapiti bila kupigwa kofi la kitambaa kibichi. Sisi wa hapa tumezoea. Tunainama, tunasalimia, tunapita.

Hapo ndipo anapofanyia kazi jirani yangu, mtia rangi vitambaa. Jina la kuzaliwa analo kama watu wote, lakini sidhani kama kuna mtu mtaani anayelikumbuka. Tunamwita Mama Haichuji.

Jina hilo alijipa kwa mdomo wake. Mnunuzi wa kitambaa cha rangi ana hofu moja tu, kwamba siku akikifua, rangi itahama iende kulala kwenye shuka nyeupe. Kwa hiyo kila mteja huuliza, "Hiki hakitachuja?" Mwenzetu hajibu kwa maelezo. Anachukua kitambaa, anakitumbukiza kwenye beseni la sabuni mbele ya macho ya aliyeuliza, anakifikicha, anakikamua, kisha anainua kiganja chenye povu. Povu jeupe pe. "Haichuji!" anasema, kwa sauti ya refa aliyemaliza mchezo. Neno likazoeleka, akabandikwa yeye, na baadaye likapanda juu ya mlango wa banda lake, kwenye kibao cha bati chenye herufi nyekundu: HAICHUJI. Hakuna neno jingine. Aliyekiandika ni fundi baiskeli wa pale jirani, mtu mrefu mwembamba tunayemwita Spoku. Alitaka kuongeza ua pembeni, akaambiwa aache uchafu.

Nimeanza na kibao kwa sababu ndicho kilichokuja kuleta kasheshe. Lakini nilipaswa kuanza na moto.

Kilima kilicho nyuma ya mji wetu ndicho kinachotunywesha. Kijito kinatokea huko juu msituni, kinaingia kwenye bomba, na bomba linatuletea majumbani. Mwisho wa kiangazi kilima kile kiliungua. Nani aliuanzisha moto sijui, na kila nyumba ina mtu wake inayemshuku, kwa hiyo hilo tuliache. Tuliutazama tukiwa uani, tumejifunga vitambaa puani, na ulipozimika bila kugusa hata paa moja la mji tulipeana mikono. Tukasema tumepona.

Hatukuwa tumepona. Mvua ilipokuja tuliifurahia kama watoto, kumbe ilikuwa inakiosha kilima na kutuletea taka zake. Majani na mizizi ya kushika udongo havikuwepo tena. Majivu, masizi, tope, vyote vilishuka kijitoni, na kutoka kijitoni vikaingia mabombani. Nilifungua koki nikatega kikombe, kikajaa kitu nilichodhani ni kahawa. Nikakumbuka kwamba sikuagiza kahawa. Baada ya muda maji yakang'aa, lakini yakabaki na harufu. Ukinawa uso, ni kama umeinama juu ya jiko la kuni.

Sasa, Mama Haichuji ana mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa mji wa mbali na dereva wa lori. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, na mume wake siku nyingi yuko barabarani. Wakakubaliana kwamba siku zikikaribia atakuja kujifungulia kwa mama yake. Sijawahi kuona chumba kikiandaliwa namna ile. Mama alipiga kuta chokaa, akahamisha madumu ya rangi yaliyokuwa yamelala humo tangu enzi, akanunua godoro, na nilipopita mchana mmoja nikamkuta amelala juu yake.

"Nalipima," akaniambia.

"Macho yamefumba?"

"Babu, mgongo hauna macho."

Binti alikuja kwanza kutazama, wakati maji yameshang'aa. Tulikaa watatu uani, mama akamimina chai. Binti akanywa funda moja, akakishusha kikombe taratibu.

"Mama, hii chai imeungua?"

"Chai inaunguaje, mwanangu?"

"Basi ni maji yaliyoungua."

Nilicheka mimi peke yangu. Kesho yake tumbo likamsumbua. Huenda ilikuwa safari, huenda yalikuwa maji, hatukujua, lakini mwenye mimba ya kwanza hahitaji uhakika ili aogope. Akafunga begi lake.

"Mama, sikatai kuja kwako. Nakataa maji yenu."

"Nitayachemsha."

"Kwani ile chai haikuchemshwa?"

Mama akageuka kulitazama birika.

"Nitajifungulia kule kule. Manesi wapo."

"Na ukishatoka kwa manesi, ukarudi kwenye chumba chako kimoja, mumeo yuko safarini, nani atakukanda mgongo? Nani atakupokea mtoto ulale kidogo?"

Binti akatazama viatu vyake. "Maji yakipona, niambie."

Basi likaondoka, na mama akabaki amesimama kituoni na mkate mkononi, ule aliosahau kumpa.

Hilo lingetosha, lakini juma lile lile akaja mteja, mwanamke mcheshi ambaye siku hiyo hakuwa na ucheshi. Amebeba gauni.

"Mama Haichuji, nilinunua kwako gauni la zambarau. Nimelifua pamoja na fulana za mume wangu. Sasa nina mume wa zambarau."

Spoku akasikia kutoka kwenye karakana yake. Mtu huyu masikio yake yako barabarani muda wote. "Jamani!" akapaza sauti. "Mama Haichuji kachuja!"

Kwa asiyejua utani wetu, mtu aliyechuja ni yule ambaye nyota yake imefifia, mchezaji anayekalishwa benchi, mwimbaji asiyepigiwa makofi tena. Kwa hiyo lile neno lilikuwa na makali pande zote mbili.

"Nikichuja mimi," akamjibu, "bado nang'aa kuliko hizo spoku zako zenye kutu."

Watu wakacheka, naye akampa yule mteja kitambaa kingine. Mteja alipoondoka, Mama Haichuji akakaa mbele ya beseni tupu muda mrefu, kisha akalijaza maji ya bomba na kuyachezea kwa vidole, anavyojaribu mtu unga kama umechekechwa vizuri.

"Babu, njoo ushike. Yanateleza."

Nikashika. Kweli, yaliteleza kidogo, kama mkono ambao haujasuuzwa sabuni vizuri.

"Ile dawa ya kushikiza rangi mimi naitia mwisho, kitambaa kikishakunywa rangi," akasema. "Nayo ni kali kama maji ya majivu. Sasa maji yenyewe yanakuja na majivu toka bombani. Rangi inachoka ndani ya beseni kabla haijaukuta uzi." Halafu akasema jambo ambalo lilinifanya niiangalie chupa yangu ya maji kwa jicho lingine. "Kama yananidanganya kwenye rangi ninayoiona, yanafanya nini tumboni nisikoona?"

Hapo ndipo alipoamua kutengeneza chujio. Si kwa ajili ya vitambaa, ingawa navyo vilihitaji. Kwa ajili ya kile chumba chenye chokaa.

Alitoboa ndoo chini, akaitia kokoto, juu ya kokoto mchanga, juu ya mchanga mkaa. Mkaa hakuununua. Kilima kizima kilikuwa cheusi, akapanda na gunia akajaza. "Moto umetuharibia," akasema, "acha na wenyewe utufanyie kazi." Tukaona ni akili. Kisha, kwa kuwa alitaka mtaa uone na habari zimfikie binti, akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi atachuja maji hadharani.

Tulijaa pale mbele ya banda. Ndoo iliwekwa juu ya stuli, chini yake sufuria. Na kwa madaha, mdomoni mwa ndoo akafunga kitambaa chake mwenyewe, buluu mpya iliyokolea, ili watu waone kwamba ukimwagia maji hata pipa zima, hakiachii rangi. Kitambaa kile kilitiwa rangi baada ya moto. Hakulifikiria hilo, wala sisi hatukulifikiria.

Akamimina. Tukasubiri. Tone la kwanza likadondoka, la kijivu. La pili la kijivu. Kisha yakaanza kutiririka, kijivu chenye ubuluu, kama maji ya mwisho ya kufulia nguo za shule. Tukasogea tukachungulia sufuria.

Spoku akainua spana yake polepole, akaielekeza juu ya mlango.

"Mnashangaa nini? Si imeandikwa? Haichuji!"

Mtaa ukaangua kicheko. Mama Haichuji akageuka akakitazama kibao chake. Nadhani miaka yote aliyokaa chini yake hakuwahi kukisoma hivyo. Akafungua kitambaa chake kwenye ndoo, akakikunja, akaingia ndani, akafunga mlango.

Katika kundi lile alikuwemo nesi wa zahanati, mteja wake wa siku nyingi, mama mnene mwenye sauti ya chini. Naye alicheka, nisimsingizie wema asiokuwa nao, maana ilikuwa vigumu kujizuia. Lakini watu walipotawanyika alibaki, akagonga mlango.

"Dada, fungua. Nimekuja kutibu."

"Siumwi."

"Nani kasema wewe? Ndoo."

Komeo likatoka. Nami nikaingia nyuma yake, kwa kuwa hakuna aliyenifukuza. Nesi akachukua kipande cha mkaa kutoka kwenye ndoo, akakivunja. Ndani kilikuwa cha kahawia.

"Nani alikufundisha kuweka mkaa?"

"Mama yangu aliuweka kwenye mtungi."

"Alikufundisha vizuri. Lakini huu si mkaa, ni mti uliobabuka. Nusu kuni, nusu majivu. Umechukua kile kile kilichochafua maji, ukakipa kazi ya kuyasafisha."

Mama Haichuji akalitafakari hilo. "Ni kama kumpa mwizi funguo."

"Umesema mwenyewe. Na hiki kitambaa cha buluu?"

"Hicho usiniulize."

Wakatazamana, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikajua mambo yatakwenda.

Walianza upya. Nesi alijua ya magonjwa, Mama Haichuji alijua ya maji na vitambaa, na kila mmoja alikuwa na la kumuuliza mwenzake. Maji yakawa yanawekwa kwenye pipa na kuachwa yatuame hadi tope lishuke, kisha yanachotwa ya juu bila kuyatibua. Yanapitishwa kwenye marekani, kile kitambaa cheupe ambacho hakijaonja rangi, kilichokunjwa mara kadhaa. Mchanga ulichukuliwa kwa mjenzi, ukaoshwa na kuoshwa mpaka maji yake yakawa kama machozi. Mkaa ukanunuliwa kwa muuza mkaa, ule unaolia kama kigae ukiugonga, ukapondwa, nao ukaoshwa. Na maji ya mwanzo yaliyotoka yakamwagwa.

"Ukishachuja, chemsha," nesi alisisitiza. "Moto unaua vijidudu lakini hauondoi majivu. Chujio linapunguza majivu lakini haliui vijidudu vyote. Hawa wawili lazima washirikiane hata kama hawapendani."

"Kama mimi na Spoku."

"Na yakitoka meupe usijidanganye. Weupe ni wa macho. Usimwite mtoto mpaka watu wa idara ya maji wameyapima."

Aliyetajwa hachelewi. Jioni hiyo Spoku alikuja na koki na kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Sijaja kuomba msamaha," akasema kabla hajaulizwa. "Nimeona ndoo yako inavuja."

"Mdomo wako je, nao una mpira wake?"

"Wa kwangu haupatikani madukani." Akakata tyubu, akaizungushia koki, akaikaza kwa spana ile ile aliyonyooshea kibao. Haikuvuja tena.

Chupa ya kwanza tuliipeleka idara ya maji mimi na Mama Haichuji. Fundi wao, msichana aliyevaa miwani mikubwa, alikuwa mpole. Alisema harufu imepungua sana, lakini bado kuna vitu visivyoonekana vilivyozidi kiasi, na kwamba chujio peke yake lisingeweza kumaliza mzigo wote. Wao pia walikuwa wanahangaika kule juu, wanazoa tope kwenye tangi na kuyafungulia mabomba yajisafishe. "Msikate tamaa, mama. Leteni tena."

Njiani kurudi Mama Haichuji alitembea akitazama chini. Nilidhani amevunjika moyo. Kumbe alikuwa anapiga hesabu za mchanga. Alipofika akaimwaga ndoo yote, akaongeza kimo cha mchanga, akabadilisha mkaa, akaongeza na ndoo ya pili, na ndani yake akaweka kile kichujio cha udongo mweupe kinachouzwa dukani, chenye umbo la mshumaa. Kilikuwa kinaziba upesi, maana majivu ni mabishi, naye akawa anakitoa na kukisugua kwa brashi laini, akikisemesha kama mtoto anayekataa kuoga. Polepole bomba lenyewe likaanza kuleta maji yenye harufu hafifu. Tulipopeleka chupa nyingine, yule fundi wa miwani akatoka nje kutulaki.

"Haya yanafaa. Lakini ukilegeza tu, yatakugeuka. Osha, badilisha, chemsha."

Mama Haichuji alimkumbatia mpaka miwani ikakaa upande. Akampigia binti simu pale pale barabarani.

"Mwanangu, maji yamepona!"

"Mama, wewe utasema chochote ili nije."

"Yamepimwa!"

"Si wewe uliyesema chai haiungui?"

Simu ikakatika, au ilikatwa. Tulitembea. Nilikuwa nawaza maneno ya kumtuliza, nikiwa sijapata hata moja, akasimama ghafla akiwa anatabasamu.

"Babu, mtoto yule amekulia kwenye beseni langu. Maneno ya idara yatamwingia sikioni. Kitambaa kitamwingia mkononi."

Alichukua marekani safi, akachemsha maji yaliyochujwa, akatia rangi ya manjano ya kiini cha yai, akatengeneza mbeleko. Nesi alipoiona akatikisa kichwa.

"Dada, kitambaa hakina tumbo. Kisichochuja si cheti cha maji ya kunywa."

"Najua. Cheti nimeshapata idara. Hii ni barua yangu."

Ikafungwa kwenye gazeti, ikapewa kondakta, pamoja na ujumbe wa mdomo: kifue na fulana nyeupe ya mumeo. Kikichuja, baki huko.

Zile siku za kungoja alifanya kazi kama anayefukuzwa. Spoku naye, kwa kukosa utulivu, alikuja na kopo la rangi nyekundu akitaka kukibadilisha kibao ili watu wasichanganyikiwe. Akakatazwa. "Hilo ni jina langu." Basi akapiga magoti akaandika kwenye ndoo, herufi kubwa zile zile: INACHUJA. Safari hii akaongeza ua, na hakuna aliyemzuia. Mpaka leo wageni husimama hapo wakisoma juu, wakisoma chini, wakiuliza sasa tushike lipi.

Simu iliita mchana. Mama mikono ilikuwa na rangi hadi viwikoni, kwa hiyo nikampokelea, nikaishika karibu na sikio lake, sauti tukaisikia sote.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Imechuja."

Spoku aliweka spana chini bila kelele. Sijawahi kumwona akiweka kitu chini bila kelele. Mama Haichuji akafumba macho.

"Imechuja kweli kweli," binti akaendelea, na sasa nikasikia kicheko kinamponyoka. "Hiyo ndoo yako. Kitambaa ndiyo hakijachuja. Nimekifua mpaka vidole vimekunjamana, na mume wangu bado ni mweupe wa fulana."

"Mtoto wewe utaniua!"

"Usife. Nani atanipokea kituoni?"

Alikuja Jumapili, tumbo likiwa limemtangulia. Tulikaa uani kama mara ile, mama akamimina chai. Binti akanusa kwanza. Akanywa funda moja. Akanywa la pili. Mama alikuwa amesimama, hajakaa, ameshika kifuniko cha birika kama ngao.

"Mama."

"Nini? Nini tena?"

"Sukari haitoshi."

Sijawahi kuona mtu akikosolewa akakimbia kwa furaha vile. Aliingia ndani, tukasikia makopo yanaanguka, akatoka na chumvi, akarudi, akatoka na sukari.

Mjukuu ni wa kike, ana sauti ya Spoku, Mungu amsaidie. Kilimani majani yameanza kuota, mabichi ya kuumiza macho kwenye weusi ule, na idara inatafuta watu wa kupanda miti huko juu. Mama Haichuji amejiandikisha, na Spoku pia, ili apate wa kumtania njiani. Ndoo bado inafanya kazi. Majirani wameiga, wengine vizuri, wengine bado wanaosha mchanga.

Na ile mbeleko ya manjano hufuliwa kila asubuhi, inaanikwa kwenye kamba ya karibu na njia. Jana nilichelewa kuinama, ikanipiga kofi usoni, mbichi kabisa. Nikasimama pale nimefunikwa nayo, nikavuta pumzi. Sabuni tu.